Mpiganaji Asiye na Dawa: Shajara ya Mchezo Wetu wa Dadu, Kisumu

Januari

Tunatengeneza mchezo wa mezani wa karatasi, dadu na masimulizi. Msimulizi anaweka mambo mbele ya wenzake, na kila mmoja wao anamwongoza mhusika wake. Nchi ya mchezo ni hii yetu: ziwa, uwanda wa Kano, milima ya Nandi upande wa mawio, ngome za mawe kule kusini. Wakati wake ni wa ngano, zamani sana kabla reli haijafika Kisumu mwaka wa 1901. Jina bado hatujapata.

Sababu ya kuutengeneza ni mpiganaji. Tumecheza sana mchezo wa aina hii uitwao Dungeons & Dragons, toleo la tano, na hadithi zetu zote huharibikia mahali pamoja. Mwanzoni mwenye ngao na upanga ndiye tegemeo la kundi. Mganga, yaani mhusika anayetumia dawa za uchawi, akishapanda ngazi kidogo, yeye ndiye anayeruka ukuta, anayesoma mawazo ya mlinzi, anayeangamiza kikosi kizima kwa tamko moja, na mwenye upanga anabaki kusubiri zamu yake huku ameshika simu. Binamu yangu hapendi kucheza kitu kingine ila mpiganaji. Hadithi ya Desemba ilipoisha aliniuliza, wala hakuwa na hasira, "Omera, sasa mimi huwa nakuja kufanya nini hasa?"

Nataka jibu liwe kwenye kanuni. Kumbembeleza kwa maneno hakutamsaidia.

Januari, hesabu

Mmoja wetu ni mwalimu wa hesabu. Nilimwomba atupatie tarakimu ili tuache kubishana kwa hisia.

Alichukua ngazi ya 5. Mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili, nguvu zake 18, anashambulia mara mbili kwa zamu. Dhidi ya adui mwenye kinga ya 15 anampata mara 65 katika 100, na kila pigo lina wastani wa pointi 11 za maumivu. Zamu nzima inampa kama pointi 14. Mganga wa ngazi hiyohiyo ndio kwanza amepata ule mlipuko wa moto: dadu nane, wastani 28, na anayefaulu kuukwepa anaumia nusu. Maadui wa kawaida wakiwa watatu na wamesimama karibu karibu, mwalimu alipata jumla ya kama 67.

Tarakimu hizo peke yake zinamwonea mganga. Nafasi zake za dawa za daraja hilo ni mbili tu kwa siku, na mpiganaji hachoki. Kitabu cha msimulizi cha mwaka wa 2014 kinakadiria mapigano 6 hadi 8 kabla ya kundi kulala usiku. Hapo mizani inakaa sawa, maana mganga lazima abane matumizi na mpiganaji anaendelea kukata. Shida ni kwamba sisi hatufiki huko. Tunakutana jioni baada ya kazi, tunapigana mara moja, zikizidi mara mbili, kisha wa Kondele na wa Mamboleo wanaanza kuulizia matatu. Jioni ikiisha, siku ya mchezo nayo inaisha. Wahusika wanalala, na mganga anaamka na dawa zake zote kana kwamba jana hakukuwa na vita.

Kwa hiyo sharti la kwanza la mchezo wetu limeandikwa: mizani isimame hata kama jioni ina pigano moja.

Februari

Nimesoma jinsi wengine walivyolishughulikia jambo hili, na nimeona si jipya hata kidogo. Mchezo huo tuliouzoea ulipotoka Marekani mwaka wa 1974 ulikuwa na makubaliano ya kimyakimya: mganga anaanza dhaifu kabisa, ana dawa moja, akiitumia imekwisha, na anayevumilia mpaka mbele ndiye anayekuwa mkubwa. Matoleo yaliyofuata miaka ya sabini yaliongeza breki nyingine. Mganga alipata uhai kwa dadu ya pande 4, mpiganaji kwa ya pande 10. Mganga akipigwa katikati ya kutamka, dawa inapotea. Na mpiganaji akifika ngazi ya 9 aliweza kujenga ngome yake, na askari wakaja kumtumikia.

Hilo la ngome nimelirudia mara nyingi. Mpiganaji aliyefika mbali alipewa watu na ardhi, na kwa hivyo neno lake likawa na uzito nchini. Toleo la tatu, la mwaka wa 2000, lililegeza breki nyingi za mganga, na ngome ikaacha kuwa haki ya mpiganaji. Tangu hapo pengo limekuwa likisemwa waziwazi: mpiganaji anapanda kwa mstari ulionyooka, mganga anapanda kwa mraba.

Toleo la nne, la 2008, liliwapa wote kipimo kimoja. Kila mhusika alikuwa na mbinu za kila wakati, za mara moja kwa pigano, na za mara moja kwa siku. Mizani ilipatikana. Wengi walilalamika kwamba upanga na dawa vimekuwa na ladha moja, na wana hoja, lakini naliheshimu toleo lile kuliko wengi ninaowasikia. Lilimchukulia mpiganaji kuwa mtu anayestahili kuchagua, badala ya kurudia "nampiga tena" hadi usiku.

Mchezo mwingine, Ars Magica, wa 1987, uliingilia mlango mwingine. Wao walikubali tangu mwanzo kwamba waganga ni wakubwa kuliko wote, kisha wakawafanya wachezaji wapokezane: leo wewe ndiye mganga, kesho ni mimi, na wewe unakuwa mlinzi wangu. Ni haki kamili. Kwa meza yetu haitufai, kwa sababu binamu yangu hataki zamu ya uganga.

Februari mwishoni

Tulijaribu njia fupi: kumwongezea mpiganaji mapigo. Tulimpa pigo la tatu mapema na tukakuza maumivu ya upanga mpaka jumla ikakaribiana na ya mganga. Vita vikawa vifupi, na uso wa binamu yangu haukubadilika.

Nilikaa nikatazama mazungumzo ya mezani badala ya kutazama dadu. Mganga anasema: "Mlango unafunguka." Unafunguka, basi. Mpiganaji anasema: "Naweza kujaribu kuuvunja?" Kisha anarusha dadu, msimulizi anakunja uso, na mara nyingi jibu ni kwamba mlango ni mgumu. Mmoja anatoa habari, mwenzake anaomba ruhusa. Nenda popote kwenye kitabu utakuta hivyo. Mganga akitaka kuruka juu, kanuni inasema ataruka kiasi gani na kwa muda gani. Mpiganaji akitaka kuruka korongo, anaambiwa mtu wa kawaida hawezi.

Pengo kubwa liko hapo, na pointi za maumivu haziligusi. Mganga ameruhusiwa kuvuka mipaka ya binadamu tangu siku ya kwanza. Mpiganaji anapimwa kwa mwili wa mtu tunayemfahamu, mtu anayechoka akipanda kilima cha Riat. Hao wawili wamewekwa hadithi moja kwa vipimo viwili.

Machi

Nilikwenda Ahero kumwona mzee mmoja anayejua kusimulia. Nilitaka habari za Luanda Magere, shujaa wa simulizi za Waluo, kwa ajili ya ramani tu, nikarudi na nguzo ya mchezo.

Habari yenyewe wengi tunaijua. Magere wa ukoo wa Sidho, huko Kano, mikuki ya Wanandi ilimgonga ikaanguka kama imegonga mwamba. Wakampa msichana mrembo awe mke. Siku alipougua alimwambia achanje kivuli chake badala ya mwili, na kivuli kikatoka damu. Mke akatoroka na siri. Vitani ulirushwa mkuki mmoja kwenye kivuli, na Magere akageuka jiwe, ambalo huonyeshwa hadi leo katika uwanda huo.

Nilimuuliza mzee, "Jaduong', Magere alikuwa mganga?"

Akanitazama kama nimeuliza kama ng'ombe hutaga. "Hapana, mjukuu wangu. Alikuwa mtu wa vita."

"Na ile mikuki kumgonga ikaanguka?"

"Ndivyo alivyokuwa."

Hakuongeza kitu, akaendelea na chai yake. Kwake hakukuwa na la kueleza. Mtu wa vita aliyezidi wengine ana haki ya kuwa na mwili wa jiwe, bila kusomea dawa wala kupewa hirizi. Kinachomzuia ni siri yake, na siri hiyo inaweza kujulikana.

Kisha tumlinganishe na Gor wa Kanyamwa, mganga ambaye jina lake wengi hulitamka kila wikendi kwa sababu ya Gor Mahia, klabu ya mpira iliyoanzishwa mwaka wa 1968. Sifa zake zinazosimuliwa ni za kujigeuza: leo mzee, kesho mtoto, adui anafika kumkamata na hamwoni. Sijasikia popote akirusha moto. Dawa yake ilikuwa kujua, kuficha na kupoteza watu njia. Na juu milimani, kwa Wanandi, orkoiyot, kiongozi wao wa kiroho, hakuwa mtu wa kwenda mstari wa mbele. Wapiganaji walimwendea kabla ya uvamizi kutaka kibali na baraka, na ng'ombe wakiletwa naye alipata sehemu yake. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hawezi kukifanya, na kilikuwa kikubwa.

Machi, mvua zimeanza

Kanuni sasa zimeanza kukaa. Naziweka hapa zilivyo leo.

Hakuna dawa inayoua moja kwa moja. Mganga anaficha, anafichua, anapoteza, anaponya, anaita mvua, anajigeuza. Anaweza kufanya watu wafe, kwa mfano akiwapeleka gizani kwenye kinamasi, ila mkono wa mwisho ni wa mwingine.

Dadu ni za pande sita, zinarushwa mbili kwa pamoja. Sababu ni ya sokoni: dadu za pande 20 hapa mjini ni kazi kuzipata, na kila nyumba yenye ludo ina za pande sita. Kufaulu jambo gumu ni kupata jumla ya 8 au zaidi. Mtu wa kawaida hufika hapo kama mara 42 katika 100. Mpiganaji akiwa kwenye kazi yake anarusha tatu na kuchukua mbili bora, na mwalimu amethibitisha kwamba hiyo inampandisha hadi 68. Ni tofauti unayoisikia mkononi bila kuhitaji kikokotoo.

Kiini ni kete. Nimezichukua kwenye ajua, bao tulilokua nalo, ambapo kete zinahama mashimo. Mezani petu kuna kete 12, nasi tunatumia vifuniko vya soda kama wacheza drafti. Mganga anaanza na nane, mpiganaji na mbili, na mbili ziko kwenye bakuli katikati. Kila dawa ina bei ya kete, na mganga anazilipa kwenye bakuli. Mpiganaji anachota bakulini. Akiwa nazo anaweza kununua *neno*: jambo analolisema na likawa, dadu zikiwa zimelala. "Hapa hapiti mtu." "Mkuki huu unafika." "Nimewahi kupigana na huyu, namjua." Kete za neno zinarudi kwa mganga.

Maana yake ni kwamba kadiri mganga anavyotenda makubwa ndivyo mpiganaji anavyopata nguvu ya kutamka makubwa, na mganga hapati tena mpaka mpiganaji atamke. Hakuna anayesubiri usiku uingie. Jioni ya pigano moja inatosha.

Na kila mhusika ana mwiko, umeandikwa kwenye karatasi iliyolazwa kifudifudi. Maneno yako yakiwa makubwa, mwiko wako unakuwa rahisi kugunduliwa. Hilo tumelichukua kwa Magere mzimamzima.

Aprili

Jaribio la kwanza la kweli. Nimechora ngome kwa mfano wa Thimlich Ohinga, kule Migori, ambayo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2018. Kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wa kushikiza, mahali pengine zinafika mita 4 na zaidi, na milango ni mifupi kiasi cha kukulazimisha uiname kuingia. Mlango huo unafaa mno kwa mchezo. Anayeingia anatanguliza kichwa, na mtu mmoja aliyesimama ndani ana nafasi yote ya kuamua.

Ng'ombe wa kijiji walikuwa wameibwa na wako ndani. Mganga wetu anachezwa na dada mmoja ambaye ni nesi, mchezaji makini. Aliita ukungu kutoka ziwani: kete sita, akazidondosha bakulini moja moja. Binamu yangu akazifuata kwa macho. Ukungu ukafunika ua, walinzi wakapotezana, wachungaji wetu wakapenya wakaanza kutoa ng'ombe kupitia pengo la nyuma. Halafu kikosi kilichokuwa malishoni kikarudi, watu 20 na mikuki.

Katika mchezo wa zamani macho yote yangemgeukia mganga. Safari hii dada alifungua viganja, alikuwa amebakiza kete mbili tu. Binamu yangu akachota tatu bakulini, akaziweka mbele ya msimulizi, akasema taratibu, "Mlangoni hapiti mtu."

Nilikuwa mimi ndiye msimulizi, na nilihisi mkono wangu ukienda kwenye dadu kwa mazoea. Hakuna cha kurusha. Hawapiti. Kazi yangu ikawa kueleza jinsi wanavyoshindwa: wa kwanza ameinama, wa pili amekwama nyuma yake, mikuki haina pa kugeukia. Binamu yangu akaanza kuongezea mwenyewe, ngao ameiwekaje, mguu ameuegemeza jiwe lipi. Simu yake sikuiona jioni nzima. Zile kete tatu zikavuka meza, dada akazipokea na papo hapo akaanza kupanga njia ya kuwatoa.

Kisha nikafunua mwiko. Wa mhusika wake ulikuwa asiitwe vitani kwa jina lake la utotoni. Ndani ya ngome alikuwamo bibi mmoja, shangazi yake aliyeolewa huko, na alimtambua sauti. Akamwita. Neno likavunjika, mlango ukafunguka, na watu wote mezani wakasimama wima. Waliokoa ng'ombe wengi. Mpiganaji alitoka na jeraha la begani na swali la nani aliyemwambia adui kwamba shangazi yuko ndani, na hilo ndilo hadithi yetu ya sasa.

Aprili mwishoni

Marekebisho baada ya kurudia mara kadhaa na makundi tofauti.

Mganga mwenye tahadhari anakalia kete zake, na mpiganaji anakauka. Tumeweka kwamba jua likizama kwenye mchezo, kete za mganga zinazozidi tatu zinamwagwa bakulini. Upande wa pili, mpiganaji mjanja anazichota zote na kuzifungia, akimfanya mganga aje kuomba. Wengine walifurahia, lakini dada nesi alikataa katakata: "Nimekuja kucheza, sijaja kupiga magoti." Ana haki ileile aliyokuwa nayo binamu yangu Januari. Kwa hiyo mkono wa mpiganaji hauzidi kete nne.

Maneno nayo yanahitaji mipaka iliyo wazi, la sivyo msimulizi na mpiganaji watageuka mawakili. Kwa sasa kete moja inagusa mtu mmoja kwa tendo moja. Mbili zinagusa kundi dogo. Tatu zinagusa mahali pazima mpaka pigano liishe. Nne zinabaki kwa mambo ya kukumbukwa, kama kuvuka mto Nyando uliofurika ukiwa umebeba mtu mgongoni. Mwalimu anataka jedwali refu zaidi. Mimi nataka likae upande mmoja wa karatasi, na kwa hilo sitarudi nyuma, maana kanuni ambayo mpiganaji anapaswa kuitafuta kitabuni inamrudisha kwenye kuomba ruhusa.

Nje ya vita pia tumempa kitu, na hapa ile ngome ya ngazi ya 9 ndiyo iliyonifungulia njia. Mpiganaji wetu ana *rika*: watu aliokua nao na kupigana nao, waliosambaa vijijini. Akifika mahali anaweza kulipa kete na kusema, "Hapa nina mtu wangu." Yupo. Mganga anajua mambo kwa dawa, mpiganaji anayajua kwa watu, na mezani imeonekana kwamba watu wanaleta hadithi nyingi kuliko dawa, kwa kuwa wana wake, madeni na kinyongo.

Mei

Karatasi za wahusika zimepigwa chapa, nyeusi na nyeupe, kwenye duka la fotokopi karibu na stendi. Kitabu cha kanuni ni kurasa 24 na natamani kipungue. Sehemu ya miko inahitaji kuandikwa upya kwa uangalifu, hasa kwa wachezaji wanaotoka Bungoma na Kakamega, ili wapate miko na mashujaa wa kwao na wasijione wageni kwenye nchi ya ziwa.

Bado meza tuliyojaribu ni ya mganga mmoja. Jumamosi kutakuwa na waganga wawili na mpiganaji mmoja. Bakuli litajaa upesi, na nataka kuona kama mkono wa kete nne utamtosha, au kama mpiganaji anayesimama peke yake kati ya waganga anastahili sita. Binamu yangu ameshasema anataka sita. Dada nesi amesema tano.